Taa Ishirini na Sita za Sebuleni

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, fundi wa umeme aitwaye Lenny aliingia katika nyumba mpya ya Peris na Maurice kule Inver Grove Heights akiwa na kalamu nene nyekundu. Nyumba ilikuwa bado mifupa ya mbao. Ukiwa jikoni ungeweza kumwona aliye bafuni, na huo ndio wakati wa kupanga taa, kwa kuwa waya hupita bila kubomoa kitu. Jumatatu kuta na dari zingezibwa, na taa iliyosahauliwa ingebaki imesahauliwa.

Maurice alikuwa amejipanga. Sebuleni alitaka taa ishirini na sita, maana ushirika wa kanisa ungekutana kwao kila mwezi, na mtu hajengi nyumba Amerika ili wageni wapapase. Lenny akapanda ngazi yake, akachora duara la kwanza kwenye boriti. Kabla hajashuka, mwanga ukaanza kumiminika kutoka kwenye duara lile, mweupe na mtulivu, bila waya wala balbu.

"Hutokea," Lenny alisema. "Nyumba ikipangiwa mapema, mwanga hutangulia."

Akachora mengine ishirini na matano, nayo yakawaka. Maurice aliomba la pembeni lisogezwe kidogo, lisije likamulika runinga.

Kisha wakashuka kwenye chumba cha chini, kilichozama nusu ardhini. Humo angelala Mumbi, mama yake Peris, ambaye siku hiyo walikuja naye. Mumbi alikuwa ametoka Murang'a miaka mitatu iliyopita kuja kulea wajukuu, Natasha na Brandon, ili Peris aweze kufanya zamu za ziada za uuguzi. Nyumba ile ilijengwa kwa zamu hizo, kwa hiyo kusema kweli ilikuwa ya Mumbi pia, ingawa hakuna aliyelitaja hilo. Wajukuu wakiwa shuleni, yeye alifuma vitambaa vya makochi kwa uzi mweupe.

"Mama, humu utakuwa ukifanya nini?" Lenny alimuuliza. "Kiti utaweka wapi? Nataka kujua taa iangalie upande gani."

Mumbi alitazama viatu vya mkwewe. Mama mwenye heshima zake haombi kitu cha chumba chake cha kulala mbele ya mkwe, tena ndani ya nyumba ya mkwe.

"Mimi sina neno," alisema. "Popote Baba Natasha atakapoweka ni sawa."

"Si umesikia? Mama yuko sawa," Maurice alisema, kwa nia njema kabisa. "Weka moja hapo katikati, boss, tu-move on."

Peris alijua. Alijua kona ambayo mama yake angeweka kiti, alijua jinsi jicho lake la kushoto lilivyoanza kufifia, na alijua kwamba palihitajika sentensi moja tu kutoka kwake. Akatazama simu. Zamu yake ilianza saa tisa.

Lenny akachora duara katikati. Mwanga ulishuka kama shubiri mbili, ukasita, ukageuka, ukapanda ngazi kwenda sebuleni kukaa na wenzake.

"Mwanga haujaambiwa unamfanyia nani kazi," Lenny alisema. "Mkinieleza Mama anafanya nini humu, utarudi. Ila iwe kabla ya Jumatatu."

"Tutamnunulia taa ya mezani," Peris alisema, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Jumatatu kuta zikazibwa. Mkaguzi alipokuja aliandika kwamba taa ya chumba cha chini inafanya kazi vizuri sebuleni, akatia sahihi.

Walihamia mwezi wa Novemba. Taa ya mezani ilinunuliwa, ikawashwa, na mwanga wake ukapanda ngazi. Tochi ya simu nayo ikafanya vivyo hivyo. Hata mwanga wa mchana ulifika kwenye kizingiti cha dirisha ukaishia hapo. Sebule, kwa upande wake, ilizidi kung'aa hivi kwamba wageni wa ushirika walizoea kuja na miwani ya jua. Mmoja wao, Maureen wa Eden Prairie, alipapasa kitambaa kilichotandikwa kwenye kochi.

"Peris, hizi vitambaa ni smart sana. Ulitoa wapi?"

Mumbi alivifuma huko chini, gizani, kwa vidole tu, na hakukosea hata tundu moja.

Siku moja, saa nane mchana, Peris alishuka akiwa tayari amevaa sare ya kazi. Akapapasa hadi kitandani, akakaa, akaisikiliza sindano ya mama yake ikiingia na kutoka kwenye uzi.

"Mama, ungesema tu."

"Niliulizwa mbele ya mkwe wangu," Mumbi alijibu bila hasira. "Na wewe ulikuwepo."

Peris akagusa ukuta. Moyo ulimuuma, tena vibaya, lakini kuta zilikuwa zimepakwa rangi mara mbili na Maurice aliipenda sana rangi ile.

"Sogea kidogo, umekalia uzi," mama yake alisema.

Peris akasogea.

"Haya, nenda sasa, utachelewa. Watoto ninao."

Peris akapanda ngazi, mkono mmoja ukiwa umekinga macho.