Mtu wa Chini ya Kifaru

Jumamosi alasiri Muchangi alikuwa katika chumba chake cha kupanga huko Nchiru, akiunganisha minyororo ya kifaru cha kivita alichokuwa akikichora kwenye kompyuta huku githeri ikitokota kwenye jiko la gesi. Vifaru vinavyojulikana na kila mtu havikumpa kazi. Wateja wake wa ng'ambo walitaka vile vilivyosahaulika, na hiki, M11/39 cha Waitaliano, kilikuwa cha aina iliyotekwa na Waingereza katika vita vya Uhabeshi. Alipokigeuza ili akague tumbo lake, alikuta mtu amechutama kando ya gurudumu la nyuma, anapaka grisi.

Muchangi hakuwa amemchora. Akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia. Kila upande alionyeshwa mgongo tu. Akamsalimia kwa Kiembu, maana adabu ni adabu.

"Mimi ni Njuki, wa Kagaari," mtu yule akajibu bila kugeuka. "Mke wangu ashajifungua?"

Muchangi akazima gesi, akampigia nyanya yake simu.

Cucu Igoki alifika kesho yake baada ya ibada, na kitambaa cha kanisani kichwani. Alikuwa bado tumboni baba yake, Njuki, alipochukuliwa kuhudumia jeshi la Waingereza vitani. Baba huyo hakurudi, na serikali haikuleta hata salamu za pole. Igoki alimpa mwanawe wa pili jina hilo, na kama ilivyo desturi akawa anamwita "baba" tangu ananyonya. Lakini hamu ya kuuona uso wa mwenyewe, walau mara moja, haikumtoka. Ilimuuma hata uzeeni.

"Amejifungua," akaiambia kompyuta. "Ni msichana."

"Mzima?"

"Mzima."

"Basi nikimaliza hapa nitakuja nimwone."

Cucu Igoki akasogeza kiti karibu, akangoja.

Kifaru kilimpendeza mteja. Lakini mtu yule hakumtaka; kumbukumbu za vita vile, aliandika, hazimtaji mtu kama huyo. Muchangi akamjibu kwamba binti ya mtu huyo ameketi hapa hapa anakunywa chai. Mteja akasisitiza atolewe.

Alipojaribu kumtenganisha Njuki na kifaru, aliyekubali kuondoka ni kifaru. Kikatumwa ng'ambo na minyororo yake yote, naye Njuki akabaki amechutama vile vile kwenye skrini tupu, akilipaka grisi gurudumu ambalo halipo. Muchangi alisikitika, lakini Cucu Igoki alifurahi sana. Alifuta miwani kwa ncha ya leso, akaivaa vizuri. Sasa hakukuwa na kitu cha kumzuia baba yake asigeuke.

"Baba," akamwita, na safari hii hakuwa akimwita mtoto. "Kazi imekwisha. Vita vimekwisha. Njoo nyumbani."

"Hawajaniambia," Njuki akasema, akachota grisi nyingine kwenye mkebe.

Cucu Igoki akamwuliza Muchangi kama ana blanketi la ziada, alale hapo hapo kitini.