Kopo la Risasi la Lyle

Lyle, mume wangu, alifariki mwezi wa Februari. Katika banda nyuma ya nyumba aliacha bunduki yake, koti lake la buluu la timu yetu ya kulenga shabaha, na kopo la risasi alizomimina mwenyewe. Mashindano ya masika yalikuwa yanakaribia na nafasi yake kwenye mstari ilikuwa bado wazi. Niliitaka. Sikutaka mtu mwingine asimame pale.

"Si kwamba nakukataa, Ardith," aliniambia Wendell, nahodha wetu. "Ila kuna jamaa wa Maryland anapiga vizuri, na Jumamosi napeleka majina. Njoo asubuhi hiyo upige raundi nzima nione. Gobori likikutii, nafasi ni yako."

Gobori lenyewe ni jipya, limeundwa kwa mfano wa yale waliyobeba askari wa vita vya Kaskazini na Kusini hapa Marekani. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia risasi kwa mdeki, unabandika fataki, unafyatua. Lyle alinifundisha tulipokuwa wachumba. Mkono wangu haukuwa mgeni.

Lakini wiki ile bunduki ilinikataa. Nilitumia kipimo chake kilekile cha baruti, greni arobaini na mbili, na nta yake ya kupaka risasi, aliyoichanganya na mafuta ya nguruwe. Risasi nilimimina mwenyewe kwa kalibu yake, maana zile za koponi sikutaka kuzigusa. Matundu yakatawanyika karatasi nzima ya shabaha. Risasi moja iliingia kiubavu, ikaacha mpasuko mrefu.

Hoyt, mdogo wake Lyle, alichungulia kwa darubini akacheka. "Shemeji, unalenga shabaha au unapanda mahindi?"

"Nyamaza, Hoyt."

"Ongeza baruti. Hilo ni kama nyumbu, bila teke haliendi."

"Usimsikilize huyo," Wendell alidakia. "Ukiongeza, risasi itachanika kitako. Punguza."

"Wewe ungepunguza hata chumvi ya mayai."

"Na wewe ungelipua jiko!"

Niliongeza. Nikapunguza. Nikabadilisha nta. Nyumbani sikuweza kukaa. Nilikuwa naanza kuosha kikombe, nakiacha, natoka kwenda bandani, napima baruti upya, narudi jikoni nakuta maji bado yanamwagika. Kitandani nilihesabu vipimo kichwani. Nilikuwa na hakika kwamba kuna kitu Lyle alikifanya mbele ya macho yangu miaka yote na mimi sikukiona.

Ijumaa Hoyt alikuja na kahawa akaketi juu ya ndoo bandani. Alilitazama kopo kwenye rafu.

"Umejaribu zake?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hizo kazishika yeye, Hoyt. Zikiisha zimeisha."

Hakunitania. Aliinamisha kichwa akawa anachokonoa kucha zake, na mimi nikabaki nimeitazama mikono ile, inayofanana sana na ya kaka yake. Ukucha wa gumba la Lyle ulikuwa mweusi daima. Nilimgombeza mezani kila Jumapili, akaoshe mikono, na haikuwahi kutakata. Kila kipande cha madini ya risasi alichotaka kuyeyusha alikikandamiza kwanza kwa ukucha. Mimi nilidhani ni mazoea tu, kama mtu anavyotafuna njiti.

Nilichukua risasi yangu nikaikandamiza. Ukucha uliteleza. Nikashusha kopo, nikatoa moja ya Lyle. Ukucha ulizama, ukaacha alama kama mwezi mchanga.

"Madini yako umetoa wapi?" Hoyt aliuliza.

"Kwenye ndoo hiyo uliyokalia."

Aliinuka akachungulia ndani. "Mungu wangu, shemeji. Hivi ni vyuma vya kusawazishia magurudumu! Vigumu hivi. Lyle alivitumia kumiminia risasi za bastola."

Kumbe kosa lilikuwa hapo. Risasi ya gobori ina shimo kitakoni, na baruti ikilipuka kitako lazima kitanuke kishike mifereji ya mtutu. Yangu ilikuwa ngumu mno kutanuka. Tulipekua ndoo zote. Madini laini Lyle alikuwa ameyamaliza, na yote yaliyobaki yalikuwa ndani ya lile kopo, yakitosha raundi moja tu.

"Nimpigie Wendell simu?" Hoyt aliuliza. "Labda atakusubiri."

"Hawezi. Majina ni kesho."

Kulipokucha nilivaa koti la Lyle, mikono yake mirefu nimeikunja. Baruti niliirudisha arobaini na mbili. Risasi ya kwanza ilishuka mtutuni taratibu, bila kulazimishwa, nami nikaushika mdeki kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikapiga. Nikaendelea, mpaka kidole kikagusa bati tupu la kopo.

Wendell alileta karatasi. Matundu yote yalifunikwa na kiganja chake.

"Huyo ni Lyle kabisa," Hoyt alisema.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni Ardith," Wendell alisema, akaandika jina.

Mchana huo klabu ilichimba tuta la udongo nyuma ya shabaha, kama tufanyavyo kila masika, tuchekeche risasi za zamani ziyeyushwe tena. Wendell alitaka nikapumzike. Nilichukua chekeche. Zilitoka zimebondeka, zangu, za Lyle, za watu wote wa mwaka mzima, na huwezi kuzitenganisha kwa macho. Niliweka ndoo mbili, nikawa naikandamiza kila moja kwa ukucha: ngumu huku, laini kule.

"Shemeji, kula kwanza," Hoyt aliniita, ameshika sandwichi. "Na uoshe mikono, ona hilo gumba."

"Nakuja," nilimjibu, nikachota udongo mwingine.