Digrii Tisini na Nne

Kwenye simu mteja alikuwa amejieleza vizuri. Kompyuta yake ya michezo ilikuwa ikijizima kila baada ya nusu saa, ghafla, kama taa iliyokatiwa umeme. Akifungua barua pepe au kusoma habari haikuwa na neno. Akiwasha mchezo tu, feni zilianza kulia, kisha giza.

Fundi aliyeitwa alijulikana kwa jina la Bisibisi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyeifanya kazi hiyo mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Alifika Jumamosi saa nne asubuhi. Mke wa mteja ndiye aliyemfungulia. Alimsalimia kwa adabu, akamwonyesha chumba kwa kidevu, akarudi zake jikoni.

Mteja alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu kwa miaka ishirini na miwili, na wenzake walimpa jina la Gia. Sasa alikaa kwenye kiti cha magurudumu, mguu wa kulia umekatwa juu ya goti. Mbele yake palikuwa na skrini pana na usukani wa plastiki uliobanwa kwenye ukingo wa meza. Kompyuta yenyewe ilikuwa chini, ndani ya kabati la meza, mgongo wake umeelekea ukutani.

"Samahani kwa kukusumbua wikendi, dada fundi."

"Sisi hatuna wikendi, kaka. Mashine zinaharibika hata siku ya harusi."

Gia alitabasamu upande mmoja wa mdomo, basi.

Bisibisi alimwomba awashe mchezo. Ulikuwa mchezo wa kuendesha lori. Kwenye kona ya skrini aliweka kipimo cha joto cha kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora picha za skrini, akakitazama kinavyopanda: sabini, themanini, themanini na nane. Kilipofika tisini na nne, skrini ikawa nyeusi.

"Kadi inachemka," alisema. "Inajizima yenyewe ili isiungue. Tuombe iwe vumbi."

Aliivuta kompyuta hadi katikati ya chumba, akaifungua ubavuni. Vumbi lilikuwepo, lakini si la kutisha. Alilitoa kwa brashi, akazizungusha feni kwa kidole kuona kama zinakwama. Hazikukwama. Akaichomoa kadi, akafuta ile dawa ya zamani ya kupitisha joto, iliyokuwa imekauka kama udongo, akapaka mpya. Alipojaribu tena pale pale sakafuni, joto liligota sabini na moja, likatulia.

Akairudisha kabatini. Baada ya dakika kumi likafika themanini na tano.

Bisibisi alipiga magoti, akapitisha mkono nyuma ya kompyuta, mahali hewa ya moto inapotokea. Vidole vyake viligusa kitambaa. Alikivuta. Kilikuwa kitambaa cha jikoni kilichokunjwa mara nne, kisafi, bado kinanukia sabuni. Kitu kilichodondoka chenyewe hakiwezi kuwa kimekunjwa namna ile.

Aliomba mahali pa kunawa, akaenda nacho jikoni.

Mke alikiona mkononi mwake, akazima jiko.

"Mwambie imekufa," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye fundi, atakuamini."

"Kwa nini, mama?"

"Hapa nilipo nasikia kila kitu. Ule mlio wa lori, ni ule ule wa lori lake. Nilimwomba aiuze, akanyamaza. Nikanunua pamba za masikio, hazikusaidia. Nikaona bora izime." Alikichukua kitambaa, akakinyoosha juu ya meza kwa viganja vyote viwili. "Binti yetu alikuwa naye siku ile ya ajali. Kitinda mimba wangu. Alikuwa na miaka kumi na minne."

Bisibisi alisimama pale na mikono inayochuruzika maji. Alikuwa amewahi kuwadanganya wateja mambo madogo madogo, kama wanavyofanya mafundi wote, lakini hili halikuwa dogo. Alirudi chumbani.

"Umekitoa?" aliuliza Gia bila kugeuka.

"Ulikuwa unajua?"

"Nimeendesha malori maisha yangu yote. Injini ikikosa hewa naijua. Halafu huwa namsikia akija kukichukua akafue, na akikirudisha."

"Sasa umeniitia nini, kaka?"

Gia aliushika usukani, akauachia.

"Kuna mteremko kwenye huu mchezo, unafanana na ule tuliopindukia. Shule zilikuwa zimefungwa, binti yangu akaniomba niende naye safari moja tu. Breki zikakatika. Kutoka pale ninapoanzia mpaka kwenye ule mteremko ni dakika arobaini. Mashine inazima dakika ya thelathini. Mwaka mzima nimekuwa nikishukuru ikizima. Nimechoka kutofika."

Bisibisi aliitoa kompyuta kabatini, akaiweka juu ya meza mahali pa wazi. Kazi ile, hata bila habari hizo, ilimtaka aijaribu muda mrefu kabla ya kuikabidhi. Alivuta stuli, akaketi, macho kwenye kipimo.

Gia aliendesha. Mafuta aliyabonyeza kwa kidole, kwenye kitufe cha nyuma ya usukani. Dakika ya thelathini ilipita, kipimo kikionyesha sabini na moja. Ya thelathini na tano. Mke alikuja akasimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani.

Barabara ilianza kuinama. Gia alishusha gia, akashusha tena, lori likaunguruma kwa sauti nzito iliyojaa chumba kizima. Mke alifumba macho. Lori lilishuka polepole, likakata kona ya kwanza, ya pili, likafika chini. Chini palikuwa na barabara iliyonyooka, kituo cha mafuta, na magari yasiyo na watu ndani.

Gia alisimamisha lori kando ya njia.

"Umefika?" mke aliuliza.

"Nimefika."

"Yupo?"

Gia alikitazama kituo cha mafuta. Mke alingoja kidogo, kisha akaenda, na mlango wa chumba cha kulala ukasikika ukifungwa taratibu. Bisibisi alikusanya vifaa vyake kimya kimya. Alipoaga, mwanaume yule alikuwa bado anaangalia kile kituo cha mafuta.

Baada ya wiki tatu Bisibisi alimpigia Gia simu kujua hali ya mashine.

"Nzima kabisa," alisema Gia. "Haivuki sabini na mbili. Naendesha kutwa."

"Na mama hajambo?"

"Yuko kwa dada yake. Aliondoka Jumatatu ile baada ya wewe kuja. Hajasema atarudi lini, nami sijamuuliza."

Nyuma ya sauti yake Bisibisi alisikia injini ikiunguruma, ikishuka. Alimwambia asisahau kupangusa vumbi kila baada ya miezi mitatu.

"Sawa, dada," alisema Gia, na simu ikakatika.