Kijiti Kimoja cha Udi

Mzee Inpan hakuwa na meno ya juu. Hakuwa na simu, wala mke, wala kiti cha pili barazani, kwa kuwa hakutarajia mgeni. Hakuwa na desturi ya kuomba radhi. Na huu ulikuwa mwaka wa nne hana habari yoyote ya Phikun, bintiye wa pekee.

Kosa la Phikun lilikuwa kupiga magoti. Wiki tatu nzima alipiga magoti mbele ya mchongaji mgeni, aliyetafuta msichana wa kumwiga kwa sanamu ya sikukuu ya taa, ile ya mwezi mpevu ambapo watu wa mto Ping huachia mishumaa ielee juu ya vikombe vya majani ya mgomba. Kijiji kikanong'ona. Mzee akachemka, akasema, "Ukivuka mlango huo, kwangu umekufa." Phikun akavuka. Akaenda Rayong, kwenye kiwanda cha samaki wa kopo. Kila mwaka mpya alileta kadi. Zilikuja tatu, hazikujibiwa, zikakoma. Sanamu yenyewe ilikuwa mjini, kando ya mto, mwendo wa saa moja kwa baiskeli, na mzee hakwenda kuiona hata siku moja.

Siku mbili kabla ya sikukuu, jirani yake Unruean akaja akicheka mpaka machozi.

"Mzee Inpan! Binti yako kanipa namba!"

"Namba gani?"

"Za bahati nasibu, zingine zipi? Nimempelekea soda pale mtoni, nikalala, nikaota, nikashinda! Watu wanapanga foleni, we baba mtu huna habari?"

"Phikun yuko Rayong."

"Wa Rayong simjui. Mimi nasema wa mtoni."

Mzee akatia mfukoni ile kadi ya mwisho, iwe ushahidi, akapanda baiskeli.

Alimkuta amepiga magoti kwenye ngazi ya mwisho ya kushukia mtoni, msichana wa shaba, mikono mbele, kikombe cha maua viganjani. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda. Kilipondwa na mchi Phikun alipokuwa na miaka tisa; mzee mwenyewe ndiye aliyekifunga. Basi ni yeye. Lakini makoja yale ya maua shingoni? Na chupa za soda nyekundu, kila moja na mrija wake, na vitana, na kioo, na gauni jipya la hariri ndani ya nailoni? Na kopo la mchanga lililojaa vijiti vya udi?

"Karibu, mzee," muuza makoja akamwita. Aliitwa Mama Chanpheng. "Koja moja, na kijiti kimoja."

"Kwa nini kimoja?"

"Mzee naye! Vitatu ni vya Buddha, kimoja ni cha maiti. Umri wote huo nikufundishe mimi?"

"Nani maiti?"

"Si huyo! Alizama hapahapa mwaka wa mafuriko. Baba yake alimfukuza, mtu katili kweli. Akaja akapiga magoti kwenye ngazi hii, akajitupa. Wakamchonga alivyokaa."

"Muongo huyo, mzee," akadakia mwanamke aliyekuwa akifungua soda. "Huyu ni mlinzi wa mto, hajawahi kuwa binadamu. Mimi nawasha tisa."

"Tisa, na mume hajarudi!" Mama Chanpheng akamjibu.

Mfagiaji akaegemea ufagio wake. "Kimoja, tisa, majivu ni yaleyale. Mimi ndiye nayazoa."

Wakacheka. Mzee Inpan akakaa kwenye ngazi. Sanamu ilichongwa kabla Phikun hajaondoka, hilo alilijua. Kadi zilikuja baadaye, hilo pia. Kwa hiyo muuza makoja alikuwa akidanganya. Lakini habari ya baba haikuwa uongo. Kama alilijua la baba, amekosea vipi la mto? Akahesabu kwa vidole mwaka ambao kadi zilikoma. Ulikuwa mwaka wa mafuriko. Akahesabu upya, akaanzia kidole kingine. Mwaka ule ule.

"Shika, mzee, bure," Mama Chanpheng akamtilia kijiti mkononi, sauti imelainika. "Naona una msiba."

Akakitazama kijiti. Akikiwasha, atakuwa amesema mara ya pili yale aliyoyasema mlangoni. Akikitupa, na kama kweli amekufa, atakuwa amemnyima hata hicho. Alikaa hivyo mpaka mwanamke wa soda akaondoka.

"Nipe uzi," akasema mwishowe. "Huo mweupe unaotungia maua."

Akashuka hadi kwenye ngazi yenye maji, akaufunga uzi kwenye kifundo cha mkono wa shaba, akinong'ona kama wanavyonong'ona bibi wa huku mtoto akishtuka: roho, rudi, usitangetange, wali u tayari.

"Ala! Mzee! Uzi hufungiwa aliye hai! Unaniharibia biashara! Kwani wewe nani wake?"

"Mimi ndiye yule katili."

Mama Chanpheng akakata kipande kingine cha uzi, kirefu, akampa.

Posta, mzee aliandika polepole, akisimama kila neno: *Phikun. Sijui kama u hai. Mjini hakuna anayejua. Nilisema neno baya mlangoni na sasa watu wanalichomea udi. Funga uzi huu. Kama huna wa kukufungia, njoo nikufunge. Nitanunua kiti cha pili.*

"Anwani hii ya zamani, mzee," karani akasema, akiigeuza ile kadi ya Phikun. "Je, asipokuwepo?"

"Barua itarudi?"

"Ukiandika jina lako nyuma."

Akaandika jina lake. Akatia uzi ndani, akalamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa ngumi mara mbili, akaitumbukiza sandukuni.