Mlango Usio na Bawaba

Kanisani walimwita Mzee Mlango, na hata mkewe, akitaka kumchokoza, alimwita hivyo hivyo. Tangu ndevu zake zikiwa nyeusi alisimama penye mlango mkubwa wa kanisa, koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa, akimpa kila aingiaye mkono na mahali pa kukaa. Alijua nani haelewani na feni, nani hawezi kukaa benchi moja na shemeji yake, na mtoto yupi asipowekwa ukingoni ataruka magoti ya watu katikati ya mahubiri. Wengi walidhani kazi ile ni kufungua na kufunga tu. Yeye aliiona ni kazi ya kusoma. Alisoma nyuso kama wenzake wanavyosoma magazeti.

Kisha mafunzo ya viongozi wa vikundi yakahamia mtandaoni, kwa sababu wengi wao walifanya kazi za zamu au waliishi mbali, na mlango ukakosa wa kumpokea. Mzee Mlango hakunung'unika. Mafunzo yale yalikuwa yamemrudishia mkewe uhai.

Mkewe, ambaye kanisa zima lilimwita Mama, alikuwa ameongoza kikundi cha kuwatembelea wagonjwa kwa miaka mingi, mpaka alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Sasa yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kutembelewa. Na kanisa lilikuwa limeweka sharti jipya, kwamba kiongozi asiyemaliza mafunzo atakabidhi kikundi kwa mwingine. Basi Mama alisoma akiwa kitandani, mito mgongoni, miwani puani, simu imeegemezwa kwenye kikombe. Alibakiza jambo moja tu, kufundisha somo fupi mbele ya askofu siku ya mkutano wa kufunga mafunzo.

Wiki moja kabla, walipofanya majaribio, mambo yalikwenda mrama. Wahuni waliipata linki sijui wapi, wakaingia kama kwenye nyumba isiyo na mwenyewe. Muziki wa disko ulivuma katikati ya sala. Picha zisizosemeka zikatandazwa kwenye skrini, na mchungaji, mwanamke mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, akapaza sauti kuwaambia watu wafumbe macho. Mama ndiyo kwanza alikuwa ameanza somo lake. Aliizima simu, akailaza kifudifudi, akageukia ukutani. Hakutaka hata chai.

Kesho yake katibu wa kanisa, mwalimu wa hesabu aliyezungumza na watu wazima kama walio darasani, aliitisha kikao ofisini.

"Baba askofu ameshasikia," alisema. "Yakiharibika tena mbele yake, mafunzo ya mtandaoni basi. Tunarudi ukumbini kule ghorofani. Anayeweza kupanda ngazi apande."

"Na asiyeweza?" aliuliza Mzee Mlango.

Katibu alitazama dirishani.

"Kwani huko mtandaoni hakuna mlango?" aliuliza tena Mzee Mlango.

"Upo," alisema mchungaji. "Kuna chumba cha kungojea. Mtu akibonyeza linki anakaa pale mpaka afunguliwe. Siku ile tuliuacha wazi ili watu wasisumbuke."

"Kwa hiyo mlangoni hakuwepo mtu."

"Hakuwepo."

"Basi nipeni mimi."

Katibu alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee wangu, huu si mlango wa mbao. Kule watu hawana sura, wana majina tu. Utampa nani mkono?"

"Wewe mwenye kuona sura, mwalimu, ulimkaribisha mpiga disko."

Mchungaji alikohoa kuficha kicheko. Kazi akapewa.

Mchungaji alimletea kompyuta ya kanisa nyumbani, akakaa naye sebuleni mchana kutwa akimwonyesha wapi pa kubonyeza ili mtu aingie na wapi ili mtu abaki nje. Mshale kwenye skrini ulimkimbia kama kuku, lakini jioni ilipofika alikuwa ameushika. Kilichomsumbua ni lile neno la katibu. Ni kweli, kule hapakuwa na sura. Alilala nalo, akaamka nalo, na wakati anapiga viatu vyake rangi akapata jibu.

Aliwapigia simu wote, mmoja mmoja, kwa mdomo wake, maana alihisi kwamba linki ilivuja kupitia kundi la ujumbe. "Siku hiyo andika jina lako," aliwaambia, "na mbele yake uandike unapokaa kanisani."

"Makubwa haya," alisema fundi cherehani. "Tangu lini tunaandika viti?"

"Tangu tuvamiwe."

Kumwarifu askofu ilikuwa kazi ya katibu. Katibu alimsikiliza Mzee Mlango, akakunja uso. "Baba askofu hasumbuliwi kwa mambo ya mabenchi," alisema, na hakumwarifu.

Jumamosi ikafika. Mzee Mlango alivaa koti na kofia, akafunga kamba za viatu, akaketi mbele ya kompyuta mezani.

"Unamvalia nani viatu?" Mama aliuliza kutoka chumbani. "Nani atakuona miguu?"

"Mlango utaniona."

Majina yakaanza kujipanga. *Fundi cherehani, chini ya saa mbovu.* Akamfungulia. *Mama Mapacha, karibu na mlango wa choo.* Akamfungulia huku akitabasamu, maana hivyo ndivyo ilivyokuwa. *Dereva wa lori, benchi linalolia.* Karibu sana, dereva. Halafu likaja jina *Mama* peke yake, bila kitu mbele.

"Mzee, nifungulie," sauti ilitoka chumbani.

"Hujaandika unapokaa."

"Nimekaa kitandani kwako mwaka wa arobaini huu. Hilo nalo niliandike?"

"Sheria haina mke."

Vitufe vya simu vikalia. *Mama, benchi la nguzo, na mume wangu ana kichwa kigumu.* Akamfungulia.

Wakaja na wengine: *Mtumishi Moto*, *Mgeni Rasmi*, *Mpakwa Mafuta*. Majina mazuri yasiyo na kiti. Mzee Mlango aliwaacha walipo. Mwishoni yakafika mawili kwa pamoja. La kwanza lilikuwa *Baba Askofu*, na pembeni yake picha ya msalaba wa dhahabu. La pili lilikuwa *Malkia wa Keki*, na pembeni yake keki ya waridi yenye cheri.

Simu ikalia papo hapo. Ni katibu. "Mzee, askofu yuko nje, namwona. Mfungulie."

"Hajaandika alipokaa."

"Askofu haandiki viti! Watu wote wanamsubiri yeye. Unataka kutuaibisha?"

Kidole cha Mzee Mlango kilitua juu ya kitufe, kikaondoka. Akimweka nje askofu wa kweli, itakuwa aibu ya kusimuliwa. Akimwingiza wa uongo, mafunzo yamekufa, na mkewe ataambiwa apande ngazi au akabidhi kikundi. Chumbani alimsikia Mama akijikohoza, akipanga sauti yake.

Akawaandikia wote walio nje, kwa kidole kimoja: *Karibuni wapendwa. Mgeni ambaye amewahi kufika kwetu, atoke, arudi akiwa ameandika mahali alipokaa siku hiyo.*

"Mungu wangu," katibu alisema kwenye simu. "Unamfanyia mtihani baba askofu."

*Baba Askofu* akatoweka, akarudi: *Baba Askofu, kiti cha heshima mbele.*

"Haya, umeridhika? Kiti cha heshima, mbele. Fungua."

Jibu halikuwa na kasoro. Lakini ndilo lililomtia wasiwasi Mzee Mlango, maana kiti cha heshima kiko mbele katika kila kanisa, na mtu asiyewahi kukanyaga kwao angeweza kulibahatisha. Akangoja, katibu akihema sikioni.

*Malkia wa Keki* naye akatoweka, akakawia, kisha akarudi: *Malkia wa Keki, kwenye ngazi, mvua ikinyesha, chai ya kifuniko.*

Mzee Mlango alivua kofia. Mwaka juzi, siku ya ziara, askofu alifika mapema kuliko wote akakuta mlango umefungwa. Mzee Mlango alipotokea na ufunguo, ufunguo ulikataa kuzunguka, na wazee hao wawili wakaketi kwenye ngazi chini ya mwavuli mmoja, wakipokezana chai katika kifuniko cha chupa, mpaka fundi kufuli alipokuja. Hakuna mwingine aliyewaona. Hata katibu hakuwahi kuambiwa.

Akabonyeza.

Uso mkubwa wenye mvi ulijaza skrini, karibu mno, pua mbele. "Nisameheni," alisema askofu. "Simu yangu imegoma, hii ni ya mjukuu wangu anayeoka keki."

Kule nje yule mwingine, alipoona hafunguliwi, alitoka akarudi na jina jipya: *Fungua we kizee.* Mzee Mlango alimfuta, yeye na watumishi wake wote.

"Mwalimu," alisema kwenye simu, "yule ndiye uliyetaka aketi mbele."

"Nimeona, mzee wangu," katibu alijibu taratibu. "Nimeona."

Zamu ya Mama ilipofika, sauti yake ilisikika mara mbili, kwenye kompyuta na kupitia ukuta. Alifundisha namna ya kumtembelea mgonjwa.

"Ukifika, kaa," alisema. "Usisimame ukishika kitasa. Mgonjwa akikuona umesimama anajua una haraka, na ataanza kukuaga yeye. Usimwambie amekonda, kioo anacho. Wala usilie kuliko yeye. Muulize jambo analolijua, umwombe ushauri, maana kilichovunjika ni nyonga, akili haijavunjika."

Dereva wa lori aliangua kicheko na kipaza sauti chake kikiwa wazi, na wote wakacheka naye. Hakuna aliyemkatiza mpaka alipomaliza.

"Mama," alisema askofu, "nimewatembelea wagonjwa maisha yangu yote, na mara nyingi nilishika kitasa. Kikundi ni chako. Na mafunzo haya yataendelea hivi hivi, na makanisa mengine nitayaagiza yaige. Kwa sharti moja, yatafute mtu wa mlangoni kama wenu. Ameniweka nje mara mbili sasa, na mara zote mbili nimefurahi kungoja."

Skrini nzima ilijaa mikono ikipiga makofi, na mikono ya katibu ilikuwa ya mwisho kuteremka.

Mzee Mlango aliwaaga mmoja mmoja kama alivyozoea, akiangalia kila kisanduku kikizimika, mpaka kikabaki kimoja, chenye uso wa mkewe uliolowa machozi, ukicheka.

"Umebaki wewe," alimwambia.

"Ndiyo. Funga mlango huo, mzee wangu, uje. Na uingie hadi ndani, ukae."

Alifunga, akajaribu kitufe mara ya pili kuhakikisha, kama alivyojaribu kitasa siku zote. Kisha akaenda chumbani na viatu vyake vinavyong'aa, akavuta kiti, akaketi.