Mama Bryson wa Mtaa wa Sikukuu

Watu wa Kariakoo hawana muda wa kukuuliza jina. Wakikuona na mtoto, wewe ni mama wa huyo mtoto, basi, na jina ulilopewa na wazazi wako halina kazi tena. Mimi nilivuka miaka arobaini bado naitwa Mwanne, Mwanne, kama binti anayetumwa chumvi dukani, kwa sababu sikuzaa. Wanaume wawili waliniacha kwa hilo. Wa kwanza aliniaga kwa adabu, wa pili hata kuaga hakuaga.

Nashona sare za shule kwenye baraza la nyumba ya Mzee Bushiri, Mtaa wa Sikukuu, na chumba changu kiko humo humo ndani. Chumba kilichotazamana na changu ndicho alichohamia Klara, Mchaga wa Rombo, na mimba yake kubwa. Alikuwa akiuza katika duka la jumla la mjomba wake. Mimba ilipoonekana, mjomba akamwambia atafute pa kwenda. Aliyempa hiyo mimba alikuwa ameshapatafuta pa kwenda mapema zaidi.

Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Bryson. Akawa anatembeza maji ya chupa Msimbazi, mtoto mgongoni, jua la mchana linawapiga wote wawili. Siku moja nikamkuta uani anafua, machozi yanamtoka hata hayafuti. Nilidhani mtoto anaumwa. Kumbe amepata nafasi ya kusomea uuguzi, chuo kiko Kigamboni, na kikundi cha kina mama wa kanisani kwao kimekubali kumlipia ada.

"Sasa unalia nini? Si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

"Nitamwacha na nani, dada Mwanne?"

Hilo ndilo watu hawalifikirii wanapochanga. Ada ilikuwa imepatikana, madaftari yamepatikana, hata viatu vyeupe vya wodini vimepatikana. Wa kubaki na mtoto hakuna. Mama wa Klara yuko Rombo na alikuwa amekasirika, mjomba hataki kumwona. Bryson alikuwa amekaa kwenye beseni tupu, mwaka na miezi yake, anatafuna sabuni.

"Nenda kasome," nikamwambia. "Mtoto niachie."

"Ni miaka mitatu, dada."

"Kwani mimi naenda wapi?"

Basi akaenda. Alfajiri anatoka kuwahi pantoni Kivukoni, jioni anarudi ananuka dawa za hospitali, mtoto ameshakula, ameshaogeshwa, ameshalala. Walipoanza kumpangia zamu za wodini ndiyo hata jioni zenyewe zikapotea. Mwaka wa pili akafeli, akarudia, miaka mitatu ikawa minne. Sikumlaumu. Nilimwambia kaza buti, mwanamke, maji umeshayavulia nguo, yaoge. Jumapili akiwa zamu nilikuwa nampeleka Bryson kanisani kwao, mimi na baibui yangu, nakaa nje ukutani namsubiri amalize masomo ya watoto. Walinzi wa kanisa walinizoea, wakawa wananiletea kiti.

Aliyeanza kuniita kwa jina la mtoto ni Fortunata, anayekaanga chapati mlango wa pili. "Mama Bryson, leo unakunywa chai?" Watu kwenye foleni wakacheka. "Ushungi huo na Bryson wapi na wapi?" mmoja akauliza. Siku ya pili Fortunata akaniita hivyo hivyo, na mwenye duka la vitambaa naye akaniita hivyo, na wateja wakafuata. Nilicheka nao, kisha nikainamia cherehani wasinione uso. Nilikuwa na furaha. Sitaki kusema uongo, nilikuwa na furaha ambayo hakuna mume aliyewahi kunipa.

Na mama Bryson mwenyewe? Yeye akarudi kuwa Klara. Mtoto huwaita watu kama anavyosikia wakiitwa, na nyumba nzima ilikuwa ikisema Klara kaja, Klara kalala msimwamshe, Klara ana mtihani. Naye akasema Klara. Mimi akaniita mama. Sikumrekebisha. Ningemrekebisha saa ngapi, na mwenyewe akirudi anasinzia na kijiko mdomoni?

Mwaka jana, mwezi wa kumi, kukawa na mahafali ya chekechea. Siku hizi hata watoto wa chekechea wanavaa majoho na kofia. Majoho ya darasa zima niliyashona mimi, la Bryson nikaliongezea utepe wa dhahabu. Wakawapanga watoto mbele, kila mmoja anaitwa jina, anatoka na shada la maua ya plastiki, anakwenda kumvisha mzazi wake. Klara alikuwa na mtihani wake wa mwisho siku hiyo na alisema hatawahi. Bryson alipoitwa akaja mbio moja kwa moja, joho linamkwaza, akanivisha mimi. Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Kumbe Klara amewahi. Alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, na sare yake nyeupe, jasho linamtiririka. Akapita katikati ya viti akaja mpaka tulipo. Mwalimu, binti mdogo mwenye haraka, akamzuia.

"Samahani sista, huku ni wazazi tu. Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

Mwalimu akacheka, akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Mama yake si huyu hapa?"

Na Bryson, kwa roho safi kabisa, akamsaidia mwalimu wake. "Huyu ni Klara," akasema. "Anakaa nyumbani kwetu."

 Klara akapiga picha na sisi, akanunua soda, akatusifia joho. Lakini tangu siku ile akawa anakunywa chai yake chumbani, mlango umefungwa.

Akafaulu. Kina mama wa kanisani wakamfanyia sherehe, nami nikaalikwa. Nilishona gauni jipya. Wakamwita mbele aseme ameshindaje, mama mwenye mtoto, hana mume, hana kitu, leo muuguzi. Akasimama akamshukuru Mungu, akakishukuru kikundi, akawashukuru walimu, akawaambia kina mama wenzake wasikate tamaa, kila kitu kinawezekana. Nikasubiri. Nilikuwa nimeshaanza kujiweka sawa ushungi nisimame watu wanione. Akakaa. Wakapiga makofi. Kwa Mungu sina neno, ila wale kina mama sikumbuki hata mmoja aliyewahi kumfuta Bryson kamasi.

Kazi hakuisubiri sana, na wenzake wengine mpaka leo wanazunguka na vyeti. Akaniambia uani, mchana, nikiwa naanika majoho ya kukodisha.

"Nimepata kazi Mpanda, dada Mwanne. Bryson anaenda Rombo kwa bibi yake, mpaka nikae sawa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kwa bibi gani? Yule aliyekukasirikia kwa mimba?"

"Ameshasamehe. Ni bibi yake."

"Klara, mwache hapa. Ameshaandikishwa darasa la kwanza, sare zake nimeshazishona. Ukikaa sawa huko Mpanda utakuja kumchukua, nani atakukataza?"

"Hapana, dada."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Akaanza kulia, na mimi sikuwa na huruma naye hata kidogo. "Ungekuwa umenikosea ningekugombeza, yakaisha. Mimi nimesoma kwa ajili ya mtoto huyu. Kila nilipotaka kuacha nilijiambia, nasoma kwa ajili ya mwanangu. Leo nimemaliza, mwanangu ananiita Klara. Nikimwacha kwako mwaka mmoja tena, itakuwa nilikuzalia wewe."

Nilitaka kumpiga kofi. Wallahi nilitaka. Kilichonizuia ni kwamba hicho alichokisema ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilitaka awe amenizalia. Nilitaka aende zake Mpanda na sare yake nyeupe, afanye kazi, apande cheo, anisahau.

Wakaondoka mwezi wa kwanza, shule zilipokuwa karibu kufunguliwa. Siku hizo barazani kwangu hapapitiki, wazazi wamejaa, kila mtu anataka sketi yake jana. Klara akaita bajaji ya kuwapeleka stendi. Mzigo ukapakiwa. Bryson alikuwa ameambiwa anakwenda kutembea, lakini watoto si wajinga. Alipoona begi lake lenye nguo zote, akaja akajibanza chini ya cherehani, akakumbatia mguu wangu.

Klara akamvuta taratibu. Akakataa. Akamvuta kwa nguvu.

"Mama!" akapiga kelele, na uso ameugeuzia kwangu. "Mama, Klara ananichukua!"

Kariakoo ni Kariakoo. Mtu akipiga kelele hivyo, watu hawaulizi mara mbili. Mbeba mizigo akatua gunia. Vijana wa mitumba wakasogea, mmoja akaziba njia ya bajaji, mwingine akamshika Klara mkono.

"We dada, mtoto wa nani huyo?"

"Wangu."

"Wako anakuita Klara? Mtoto anamwita mama yake yule pale!"

"Mwizi wa watoto huyu," mtu akasema nyuma, na neno hilo likaanza kutembea kutoka mdomo hadi mdomo. Fortunata alikuwa amekwenda sokoni kununua unga. Mzee Bushiri alikuwa ndani, hasikii vizuri siku hizi. Waliobaki pale ni wateja na wapita njia, na wote wanalijua jina moja tu.

"Mama Bryson," akaniuliza mzazi mmoja, sketi ya binti yake mkononi. "Si mwanao huyu?"

Wote wakanigeukia. Klara alinitazama. Kitambaa kilikuwa kimemvuka kichwani na mtu alikuwa amemkamata nyuma ya shingo. Hakusema nisaidie. Miaka minne alikuwa hajaniambia nisaidie, ni mimi niliyekuwa najipeleka.

Nilichelewa kujibu. Nawaambia ukweli, nilichelewa. Nikiinamisha kichwa tu, nikinyamaza tu kama mama aliyepigwa na mshtuko, watu wale wangenirudishia mtoto wangu, na Klara wangemfanya wanavyowafanya watu hapa. Bryson alinibana mguu kwa mikono miwili. Nilihisi moyo wake unavyopiga kwenye goti langu.

"Si wangu," nikasema.

"Unasemaje?"

"Si wangu. Mama yake ni huyo mliyemshika. Mwachieni."

"Mbona anakuita mama?"

"Namlea tu. Nimemlelea mama yake alipokuwa chuo. Mimi sina mtoto, muulizeni yeyote mtaa huu. Sijazaa."

Wakamwachia. Mmoja akaniona mimi ndiye mwenye makosa, akasonya. Mbeba mizigo akajitwika gunia lake akaenda zake, na wazazi wakaanza tena kuuliza habari za sketi.

Bryson alikuwa ameinua uso ananitazama. "Mama?"

Klara alikuwa ananitazama pia, anajipangusa shingo. Nilijua kwamba nikimjibu mtoto kwa upole tutaanza upya, atalia, watu watarudi. Nikamtoa mikono yake mguuni kwangu, mmoja kisha wa pili.

"Mimi si mama yako," nikamwambia. "Mama yako ni yule. Nenda, nina kazi."

Hakulia. Laiti angelia. Akajipangusa magoti kama ninavyomwambia siku zote akitoka chini, akatembea mwenyewe mpaka kwenye bajaji, akapanda. Klara akapanda upande wa pili, akamkumbatia, naye akajiachia kukumbatiwa.

"Muage shangazi," Klara akamwambia.

Akatoa kichwa nje, lakini hakunitazama usoni.

"Kwaheri, shangazi," akasema, kwa sauti ya adabu anayowasalimia nayo wateja wangu asiowajua.

"Kwaheri, baba," nikamjibu, na bajaji ikaondoka.