Mrija wa Egau

Mate ya watu ndiyo yaliyonisomesha mpaka nikaitwa daktari. Usicheke. Miaka kumi na tisa nimechunguza chembe za kinywa, zinavyong'ang'ania kwenye kikombe au kijiko, na zinavyoweza kumtaja mwenyewe hata kama alishaondoka duniani. Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, wananiita Daktari wa Mate. Mamangu kule Busia huwaambia majirani kwamba natibu meno, maana ukweli unamtia haya.

Mwezi wa pili wafyatua matofali wa Masaba walifukua mifupa ya mtu bondeni, bila kitambulisho wala kiatu. Akaja bibi mmoja wa Molo, hapa hapa wilayani, jina lake Akiteng, akasema ni ya mume wake, Egau, aliyetoka kwenda kununua mbuzi miaka minne iliyopita asirudi. Egau hakuacha mtoto, na ndugu zake wa damu walikwisha wote. Wakubwa wakasema bila cheti cha maabara hakabidhiwi mtu mifupa, na ikifika Ijumaa itafukiwa kwenye shimo la wasiojulikana.

Kitu pekee kilichowahi kugusa mdomo wa Egau ambacho Akiteng alikuwa nacho ni mrija wake wa malwa, pombe ya ulezi. Wazee wa Kiteso huzunguka chungu kimoja, lakini kila mmoja anavuta pombe kwa mrija wake mwenyewe, na akirudi nyumbani anauchomeka darini. Hauazimishwi. Nilifurahi kama mjinga.

Mifupa nilikuwa nimeshaipima; sasa nikakata ncha ya mdomoni ya mrija, nikapima vinasaba. Lahaula! Watu wawili, na aliyejaa humo ni mwanamke. Mwanamume alikuwa amezama chini yake, vipande vipande, hasomeki. Nikavua glavu nikazitupa ukutani.

"Daktari, glavu zimekosa nini?" akauliza Opendi, fundi wangu wa maabara, mtu mzima asiyejua kunyamaza.

Na dawa ya kupimia iliyobaki ilitosha mara moja tu. Nyingine ilikuwa mpakani wiki ya tatu, inapigwa jua, eti fomu moja haina muhuri. Nilikwenda mwenyewe. Karani akaniuliza, "Hii dawa ni ya ng'ombe ama ya watu?" Nikamwambia ni ya kupimia maiti. Akasema, "Basi haina haraka." Haki ya Mungu, nilirudi Tororo mikono mitupu, nikimlaani njia nzima.

Akiteng alikuja Jumatano. Sikumpa hata kiti.

"Mama, uliniambia hakuna aliyegusa mrija huu!"

"Hakuna mtu amegusa."

"Kuna mwanamke ameunywea. Tena si mara moja!"

Akatazama sakafu. "Huyo mwanamke ni mimi," akasema. "Kila Sande nikitoka kanisani natengeneza kamalwa kidogo, nafunga mlango, nakunywa na yeye."

Ningemwonea huruma siku nyingine. Siku hiyo niliona tu kazi yangu imeharibiwa na mtu niliyekuwa nikimhangaikia. "Mama," nikamwambia, "umemfuta." Neno hilo ninalijutia mpaka leo.

Hakulia. Akanyoosha kidole kwenye mrija uliolala juu ya meza yangu, hapo katikati palipozungushiwa uzi mweusi. "Hapa ilipasuka. Alifunga yeye. Alilowesha uzi kwa mdomo, akakata na meno. Ndani ya huo uzi mimi sijafika."

Opendi akanitazama. Nami nikamtazama. Chini ya mizunguko ile kungekuwa na mate makavu ya mtu mmoja tu, na kuyapata kulitaka uzi ufunguliwe wote na mrija upasuliwe.

"Tukifanya hivyo mrija umekwisha," nikamwambia. "Hautavuta tena kitu. Na huenda tusipate chochote."

Akiteng akavuta stuli karibu na meza. Kisha akasema, "Fungua." Akanyoosha mkono aufungue mwenyewe.

"Usiguse!" nikapiga kelele. Kugusa kwake mara moja tu kungetosha kuharibu tena. Akarudisha mikono, akaketi kwenye stuli, akaikalia mikono yake. Akatazama hivyo hivyo Opendi akiuondoa uzi kwa koleo ndogo, mzunguko baada ya mzunguko.

Ijumaa saa tatu asubuhi majibu yakatoka. Mfupa na uzi vilikuwa vya mtu mmoja. Opendi alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Nikakimbia nje kwenye benchi alikolala Akiteng tangu juzi, maana alikataa kwenda nyumbani.

"Mama, ni yeye! Ni Egau! Leo unaondoka naye!"

Alimshukuru Mungu kwa Kiteso, akanishika mikono yote miwili, akanibariki mimi na uzao wangu. Kisha akaomba mrija wake. Nikamletea kwenye mfuko wa plastiki, bila ncha, umepasuka katikati. Akavitoa vipande, akavilaza mapajani, akajaribu kuviunganisha. Vikaachana. Akajaribu tena.

"Asante, daktari. Umenirudishia mzee wangu," akasema. "Lakini sasa Sande nitakunywa na nini?"

Hasira yote niliyoibeba wiki nzima ikakosa wa kumwangukia.